Mafuta, Gesi na Bahari Yetu

Msikilizaji, barazani Mpendae, mtaa wa mjini Unguja, habari ya mafuta na gesi huzua maswali mawili: lini, na shilingi ngapi? La tatu, nalo la samaki, huulizwa kwa nadra. Ajabu, maana changu anayekaangwa jioni mtaani hapo hakuvuliwa Mpendae.

Tukumbushane. Sheria ya Muungano ya Petroli ya 2015 iliiachia Zanzibar isimamie mafuta na gesi yake. Mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria ya kwetu, ikazaliwa mamlaka ya udhibiti, ZPRA. Oktoba 2018 Serikali ikasaini mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji na RAK Gas ya Ras Al Khaimah, kwa kitalu cha Pemba–Zanzibar.

Lakini bahari hiyo ya Pemba ina sheria nyengine zilizotangulia. Kisiwa cha Misali kilihifadhiwa 1998, na 2005 likatangazwa eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba, upande wa magharibi. Matumbawe yaliyopo huko hukua polepole. Mafuta yakimwagika, hayasubiri kikao cha kamati.

Sheria ya Mazingira ya 2015 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa. Vyema. Ila tathmini ya kurasa mamia, kwa Kiingereza kitupu, haimfikii mvuvi wa Wesha, Pemba. Tunawaomba ZPRA na ZEMA, mamlaka ya mazingira: kabla ya kisima chochote kuchimbwa kitaluni humo, tathmini isomwe kwa Kiswahili, dikoni.