Kabla ya Kumwita Mwenzako Mwizi wa Maziwa

(Mazungumzo na vikundi vya wauza maziwa, Banissa)

Leo hatukuja na maneno ya mkopo. Tumekuja na ndoo ya maji, msumari, sufuria na kile kipimo cha maziwa, laktomita, kinacholeta ugomvi vikundini.

Hebu tuanze na ndoo. Msumari umezama, sivyo? Na sufuria, iliyo nzito kuushinda msumari, inaelea. Basi si uzito peke yake unaozamisha kitu. Tuulize pia: uzito huo umekaa katika nafasi kubwa kiasi gani? Sufuria ina nafasi ya hewa ndani, kwa hiyo inasukuma maji mengi, na maji hayo yanaibeba. Msumari hauna nafasi hiyo. Uzito wa kitu ukilinganishwa na nafasi yake ndio huitwa densiti.

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita 1 ya maziwa ya ng'ombe ina kilo 1 na gramu kama 30. Laktomita ikielea ndani ya maziwa huonyesha hizo gramu za ziada. Maziwa mazuri ya ng'ombe huonyesha kati ya 28 na 32. Ukichukua lita 9 za maziwa yenye kipimo cha 30, ukatia lita 1 ya maji, kipimo kitashuka hadi 27 hivi. Maziwa yamekuwa mepesi, laktomita imezama zaidi.

Sasa tusikilizane vizuri. Sisi wenyewe tuliwahi kumkatalia mama mmoja maziwa yake ya ng'ombe mbele ya watu, tukidhani ametia maji. Mama yule hakugombana. Alikaa kivulini na jerikeni lake hadi maziwa yakapoa, akatuambia, "Haya, pimeni tena." Tukapima. Yalikuwa mazuri! Tuliyapima yakiwa na joto la kukamuliwa, na maziwa yenye joto hutanuka, densiti ikashuka. Tuliomba msamaha, lakini aibu ilikuwa imeshampata.

Tena kuna ngamia. Watafiti wamegundua kwamba ngamia akikosa maji kwa muda mrefu, maziwa yake huwa na maji zaidi. Hakuna mtu aliyeyatia. Basi tusimhukumu mwenye ngamia kwa namba za ng'ombe, hasa wakati wa kiangazi.

Tufanyeje?

1. Maziwa yapoe kwanza. Joto linalotakiwa limeandikwa kwenye laktomita.
2. Koroga taratibu, kwa maana mafuta hupanda juu.
3. Kila msimu, kamueni ngamia kadhaa mbele ya wanachama, mpime, mwandike. Hicho ndicho kipimo chenu cha kulinganisha.
4. Namba ikiwa ndogo, mwite mwenyewe faraghani, mpime pamoja.

Na tusisahau: laktomita haioni vijidudu. Maziwa yachemshwe.

Maji ndani ya maziwa huharibu soko la kikundi kizima, hilo ni kweli. Lakini jina la mtu likichafuliwa bure, ni kazi kubwa kulisafisha.

Maswali ya kujadili kikundini: Nani hupima maziwa yetu? Je, amefundishwa? Na yeye akikosea, nani atamwambia?