Gharama ya Mzigo Mpaka Unapofika Ifakara



Tutazungumza juu ya gharama ya kitu kinachoagizwa kwa simu kutoka ng'ambo, tangu kinapotoka dukani Guangzhou au Dubai mpaka mnapokishika mkononi hapa Ifakara. Hatukuja kumkataza mtu kuagiza. Fundi cherehani anayetafuta vitambaa na mwenye mashine ya kukoboa mpunga anayehitaji kipuri kisichopatikana Morogoro wana sababu njema. Malalamiko yanayotufikia, hata hivyo, hufanana: mtu alilipa bei aliyoiona, akatakiwa kulipa tena, na tena, hadi faida aliyoitarajia ikaliwa yote.

Tuanze na kodi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina viwango vya pamoja vya ushuru wa forodha kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya. Viwango hivyo ni 0%, 10%, 25% na, tangu Julai 2022, 35% kwa bidhaa ambazo viwanda vyetu vinaweza kuzitengeneza, zikiwemo nguo na samani. Ziko pia bidhaa nyeti zenye viwango vya juu zaidi, na mchele ni mojawapo. Kwa hiyo mkulima wa bonde hili anayelalamikia ushuru wa shati akumbuke kwamba ushuru huohuo unamkinga sokoni.

Ushuru huu hautozwi juu ya bei ya dukani peke yake. Kwa mzigo unaokuja kwa meli, hujumlishwa bei, nauli na bima mpaka bandarini, na jumla hiyo ndiyo thamani ya forodha. Tuchukue mfano wa nguo zilizonunuliwa kwa shilingi 200,000, nauli na bima shilingi 50,000. Thamani ya forodha ni 250,000. Ushuru wa 35% ni 87,500, na jumla inakuwa 337,500. Sasa inakuja kodi ya ongezeko la thamani ya 18%, nayo huhesabiwa juu ya jumla hiyo, ushuru ukiwa umekwisha kuingia ndani yake. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Ni shilingi 60,750. Nguo za 200,000 zimefika 398,250, na bado hatujagusa tozo nyingine za forodha, kama ile ya maendeleo ya reli, wala nauli ya kutoka Dar es Salaam. Kipuri cha bei hiyohiyo kilichoangukia kiwango cha 10% kingefika 324,500. Kwa mzigo wa ndege, kanuni ya kuingiza nauli katika thamani ni tofauti. Viwango navyo huweza kubadilika kila mwaka wa fedha unapoanza mwezi Julai, hivyo ulizeni Mamlaka ya Mapato kabla ya kulipa, si baada.

Nauli ina fumbo lake. Mizigo ya meli hutozwa kwa mita za ujazo. Mizigo ya ndege hutozwa kwa kilo, lakini kilo hizo si lazima ziwe zile za mizani. Kampuni nyingi za vifurushi huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha hugawanya kwa 5,000. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 huhesabiwa kuwa kilo 19.2, hata kama ndani mna midoli ya watoto yenye kilo sita tu. Mtakachotozwa ni kile kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo. Mwombeni muuzaji vipimo vya boksi lililokwisha kufungwa. Uzito wa bidhaa yenyewe hautoshi.

Wengi wenu hamwagizi moja kwa moja. Mnapitia mawakala wa Kariakoo wanaokusanya mizigo ya watu wengi ndani ya kontena moja na kutaja bei moja, "kodi ikiwa ndani". Utaratibu huu una manufaa, maana bila huo mfanyabiashara wa blauzi kumi asingeweza kuagiza kabisa. Ila stakabadhi ya kodi hubaki kwa wakala. Ikiwa aliandika thamani pungufu na kontena likazuiwa, nyinyi mnasubiri bila hati yoyote mkononi. Kabla ya kutuma fedha, pateni maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, yanayosema bei hiyo imejumuisha nini na nani atabeba gharama mzigo ukikwama au ukipotea. Wakala anayekwepa swali hilo amekwisha kuwajibu. Na muuzaji akijitolea kuandika "zawadi" juu ya bidhaa mliyoinunua, mkataeni: hayo ni maelezo ya uongo kwa forodha, na mtakaoulizwa ni nyinyi wenye mzigo.

Wapo pia wasiouza chochote. Simu inapigwa: kifurushi chako kimezuiwa uwanja wa ndege, tuma kodi kwa namba hii upesi. Kodi ya serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroli namba, benki au kwa simu. Hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kwa cheo gani. Kabla ya kuthibitisha malipo, someni jina la mpokeaji linalotokea.

Mwisho ni safari ya Dar es Salaam hadi hapa, kupitia Mikumi na Kidatu. Ulizeni nauli hiyo mapema, kwa kuwa mawakala wengi huishia kwenye ghala lao. Mzigo ukifika ofisi ya basi, ufungueni mbele ya karani kabla ya kutia saini, mpige picha ya boksi na kilichomo, na upungufu wowote uandikwe papo hapo kwenye nakala zote mbili za stakabadhi.