Njia ya Zege Mlangoni Petu

Leo twataka kunena habari za njia ya zege itokayo barabarani mpaka mlangoni, ipitishayo gari, mkokoteni na miguu ya wageni. Mwenye nyumba huweka akiba siku nyingi apate kununua mifuko ya saruji; basi njia ikipasuka katika mwaka wa kwanza, hasara yake si ndogo.

Wazee wa pwani hii walikuwa wajenzi hodari kabla ya kuja saruji. Magofu ya Tongoni, kusini ya mji wa Tanga, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, nayo yamedumu karne nyingi. Siku hizi saruji haitoki mbali, kwa maana kiwanda cha Pongwe kilianza kuitengeneza mwaka 1980. Lakini saruji nzuri haimfai mtu asiyejua kuyatawala maji.

Naam, maji ni rafiki wa zege, na maji ni adui yake. Katika nchi za baridi, kama Kanada, maji huingia katika vitundu vya zege, yakaganda, yakavimba kwa sehemu 9 katika 100, na zege likamenyeka. Kwetu Tanga hakuna barafu. Maji ya masika, tangu Machi hata Mei, hupita chini ya zege na kuchukua udongo. Zege likabaki juu ya shimo, na gari likipita huvunjika.

Kwa hiyo kazi huanza chini. Ondoeni udongo laini wenye mizizi, tieni changarawe, mkaishindilie mpaka iwe ngumu. Simamisheni mbao za kingo. Unene wa inchi 4 watosha gari dogo. Palipo na malori, fanyeni inchi 6. Njia na iinamie mbali na ukuta, inchi 1 kwa kila futi 4, maji yapate pa kwenda. Na kila futi 8 au 10 kateni mstari wa kina cha inchi 1 au zaidi kidogo, ili zege likijikunja lipasuke hapo, wala si kila mahali.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 wataka mchanga madebe 4 ya lita 18, na kokoto madebe 8. Mchanga uwe safi, usio wa ufukweni, kwa kuwa chumvi yake huozesha nondo, tena kuuchota huko huiachia bahari ile nchi. Maji yasizidi lita 25, na mchanga ukiwa umelowa, yapungue. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika: kibarua akiona mchanganyiko mzito huongeza maji ili koleo liende upesi. Zege hilo hulainika kwa saa moja, likawa dhaifu kwa maisha yake yote.

Likiisha kushika, maji yale yale huwa dawa. Lifunikeni kwa magunia ya katani, zao lililoletwa Tanga mwaka 1893, mkayaloweshe asubuhi na jioni kwa siku 7. Jua la kaskazi likilikausha mapema, uso wake hutoa vumbi na nyufa. Milimani Lushoto, penye baridi, zege hukawia kukomaa. Basi huko ongezeni siku. Gari zito lisipite kabla ya siku 28.

Baada ya hapo, utunzaji ni kazi nyepesi. Kabla ya masika zibueni mifereji, jazeni udongo uliochukuliwa pembeni, na zibeni kila ufa ungali mwembamba. Mwembe usipandwe karibu, maana mizizi yake huinua zege. Wahenga walikwisha sema, usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi twaongeza, asiyeyapa maji njia yake, yatachukua njia ya mwenye nyumba.