Habari za Bwana Lincoln katika Baraza la Illinois

Wengi wenu mwamjua Abraham Lincoln kuwa Rais wa Marekani. Sisi twapenda kuwaeleza habari zake za kwanza, alipokuwa mjumbe katika Baraza la jimbo la Illinois.

Mwaka 1832 aliomba kura akashindwa. Walakini kijijini kwake New Salem alipata kura 277 katika 300. Waliomjua hawakumkataa. Mwaka 1834 akachaguliwa, na tena mara tatu baadaye.

Wajumbe wa wilaya yake ya Sangamon walikuwa tisa, wote watu warefu, hata wakaitwa "Tisa Warefu". Shauri lao kubwa lilikuwa kuhamisha makao makuu ya jimbo kutoka Vandalia yawe Springfield, na Februari 1837 wakalipata. Majira yale yale Baraza lilikubali kukopa mamilioni ya dola kwa ajili ya reli na mifereji, naye Lincoln akaunga mkono. Deni lile likalilemea jimbo miaka mingi. Hapo hatumsifu.

Lakini Januari ile Baraza lilikuwa limewalaumu watu wapingao utumwa. Wajumbe 77 walikubali, sita wakakataa, naye alikuwa mmoja wa hao sita. Tarehe 3 Machi, shauri la Springfield likiisha kupita, aliandika kwamba utumwa ni dhuluma, ijapokuwa aliwalaumu pia wenye kuupinga kwa ukali. Twaona alichelea kura za wenzake. Hata hivyo, katika Baraza zima aliyetia sahihi pamoja naye ni Dan Stone peke yake.