Waliokwisha Kukubali Ndio Walioikosa Karamu: Mada Kuhusu Kuuitikia Mwaliko wa Mungu

Ndugu wazee wa kanisa, wainjilisti na walimu wa Shule ya Jumapili, tukizungumzia mwaliko wa Mungu mawazo yetu hukimbilia kwa mtu wa nje: mlevi, mshirikina, kijana aliyeacha ibada. Mfano wa karamu kuu katika Luka 14 unatuelekeza kwingine. Walioikosa karamu ile walikuwa wamealikwa mapema. Desturi ya wakati ule ilikuwa na miito miwili: mgeni huarifiwa kwanza na kukubali, kisha chakula kikiwa tayari mtumishi hutumwa kumwita. Kitabu cha Esta kinaonyesha jambo hilo hilo, kwani Hamani alialikwa na malkia siku moja kabla, na saa ilipofika matowashi wa mfalme wakaja kumchukua. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Luka alichinja na kupika akitegemea ahadi za watu. Hoja yangu ni kwamba mwaliko wa Mungu unakataliwa hasa pale mtu aliyekwisha kusema ndiyo anapoitwa sasa aje aketi, naye akaomba udhuru.

Zitazameni nyudhuru zenyewe. Mmoja amenunua shamba, wa pili amenunua ng'ombe wa kulimia jozi tano, wa tatu ameoa. Hakuna mwizi hapo, wala mzinzi. Mwenye jozi tano ni mtu wa uwezo, maana plau moja huvutwa na jozi moja. Tena Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 20, ilimruhusu mtu kubaki nyumbani kwa sababu zinazofanana na hizi: nyumba mpya, shamba jipya la mizabibu, mchumba asiyeolewa bado. Lakini ruhusa ile ilihusu vita. Watu hawa wanaombea karamu udhuru ambao sheria iliutoa kwa mtu anayeitwa kwenda kufa, na hapo ndipo kosa lao linapojulikana: wameihesabu meza ya Mungu kuwa mzigo. Dhambi ya wazi humsumbua mtu hata akatafuta msaada. Shughuli halali haimsumbui. Inampa heshima, na kila mtu anaielewa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Wayahudi wa Babeli. Hata kabla mji wa Yerusalemu haujaangushwa mwaka 586 KK, Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia waliokwisha kuhamishwa wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko. Walitii. Isaya 55 inawaita wenye kiu waje wanunue bila fedha, na sura hiyo hiyo inazungumzia kutoka kwa furaha. Mfalme Koreshi alipofungua mlango mwaka 538 KK, orodha ya Ezra 2 inawataja waliorudi kuwa 42,360, mbali na watumwa wao. Wengine wengi walibaki. Nyumba iliyojengwa kwa utii inaweza kumfunga mtu asisikie agizo jipya. Nasi hatuna cha kusingizia kuhusu gharama: kwenye harusi zetu kadi humfuata aliyechanga, ila hapa kadi imetolewa kabla ya mchango, kwa asiyeweza kuchanga kabisa.

Wapo watakaopinga kwa kutumia Yohana 6:44, kwamba hakuna awezaye kuja asipovutwa na Baba, basi wito wetu ni bure. Lakini katika sura hiyo hiyo, mstari wa 37, Yesu anaahidi kutomtupa nje yeyote ajaye kwake. Kuvutwa na Baba ndiko kunakompa mtu nguvu ya kuja. Si kisingizio cha kukaa. Na hasira ya mwenye karamu ingekuwa dhuluma kama wale walioomba udhuru hawakuwa na uwezo wa kuja.

Pingamizi zito zaidi ni la mfano wa arusi ya mfalme katika Mathayo 22: kama mwaliko uko wazi, mbona asiye na vazi la arusi alitolewa? Wapo wanaosema kwamba mfalme aliwagawia wageni mavazi, lakini andiko halisemi hivyo, na hoja haihitaji hilo. Ukumbi ulijaa wema na waovu pamoja, kwa hiyo hakutolewa kwa sababu ya maisha yake ya jana. Alipoulizwa alinyamaza. Ameingia bila kukubali kubadilishwa na arusi aliyoingia, naye ni ndugu wa wale wenye shamba na ng'ombe: wao walileta maneno bila miili, yeye ameleta mwili peke yake.

Amri ya Luka 14 ya kuwashurutisha watu waingie ilitumiwa vibaya na Askofu Augustino dhidi ya Wadonatisti, Wakristo waliojitenga na kanisa, akaifanya hoja ya kutumia nguvu ya dola. Mtumishi wa mfano ule alikuwa peke yake barabarani, bila askari. Alichokuwa nacho ni maneno ya kumsadikisha maskini kwamba hakukosewa jina.

Utaratibu wa kuwaita watu mbele ulipata nguvu kubwa Marekani katika mikutano ya mhubiri Charles Finney miaka ya 1830, na umewafaa wengi. Udhaifu wake ni kwamba ripoti zetu huhesabu mwito wa kwanza tu. Ndugu wa Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 waliona mbali zaidi. Walikutana mara kwa mara, wakatubu wazi, wakarudisha walivyoiba. Hata kazi ya kanisa inaweza kuwa jozi tano za ng'ombe. Kaka mkubwa wa Luka 15 alikuwa shambani mwa baba yake, akitumika, na ndiye aliyebaki nje. Baba akatoka kumsihi, na Luka hatuambii kama aliingia.

Basi naziomba sharika zetu: mkutano wa injili ukiisha, tuwafuate walioinua mikono nyumbani kwao, tuwaulize ni shughuli gani inayowazuia kuketi, na tuombe nao. Lakini kabla ya hapo, sisi wazee, wenye vikao vya ujenzi na harambee kila juma, tuulizane swali hilo hilo.