Tunaitana Makamanda: Niliyowaambia Vijana wa Chilangala

(Haya ni maneno niliyozungumza na vijana wa chama kata ya Chilangala, Newala. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nimepunguza utani tu.)

 

Najua wengi mmekuja mkitegemea niongelee korosho na stakabadhi ghalani. Hilo lipo, tutalirudia. Leo naomba tuguse jambo ambalo kwenye vikao vyetu tunalikwepa kwa kusema ni la kina mama: vita, na anachofanyiwa mwanamke vitani.

Ukisimama ukingoni pale Newala mjini ukatazama bondeni, unaiona Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Kule si ugenini. Wamakonde wapo huku na wapo kule. Sasa tangu Oktoba 2017, walipovamia Mocímboa da Praia, Cabo Delgado inaungua. Desemba 2021 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba wanawake na wasichana zaidi ya 600 walikuwa wametekwa na wapiganaji tangu 2018. Wapo waliofanywa wake kwa nguvu, wapo waliofanywa watumwa. Na Oktoba 2020 moto ule ulivuka mto ukafika kijiji cha Kitaya, hapa hapa mkoani kwetu. Kwa hiyo asije mtu akasema haya ni ya mbali.

Lakini tusidanganyane kwamba wabaya ni magaidi peke yao. Septemba 2020 ilisambaa video ya mwanamke aliye uchi, anapigwa, kisha anamiminiwa risasi na wanaume waliovaa sare za jeshi. Serikali ya Msumbiji ilikana kwamba ni askari wake; Amnesty International ikasema ni wao. Na ile video ilizunguka kwenye simu za watu kama kichekesho. Hebu tujiulize, aliyeituma kwa mwenzake alikuwa anamlilia yule mama, au alikuwa anamwangalia?

Wapo wanaosema askari yuko mbali na mkewe, tamaa imemzidi. Si kweli jamani. Mwenye tamaa hahitaji kubaka mbele ya mume, mbele ya watoto, mbele ya kijiji kizima. Lengo pale ni kukivunja kijiji: mwanamke abaki na aibu isiyo yake, mwanaume ajione si kitu, watu wahame, ardhi ibaki. Dk. Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, ametibu maelfu ya wanawake walioumizwa hivyo, na mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad wa Iraq.

Na sheria ya dunia juu ya hili imepita kwetu. Tarehe 2 Septemba 1998, pale Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kutamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Wanawake wa kijijini ndio walisimama wakatoa ushahidi. Bila wao hukumu ile isingekuwepo.

Sasa tuje nyumbani. Juni 2023 Umoja wa Mataifa ulitangaza kukirudisha kikosi cha walinda amani 60 wa Tanzania kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati. Uchunguzi wa awali ulikuta ushahidi kwamba 11 kati yao waliwadhulumu kingono waathirika wanne. Naheshimu jeshi letu. Wapo vijana wetu waliokufa Kongo wakilinda watu, na hilo tulisema kwa sauti. Lakini heshima si kunyamaza. Mwananchi anayelipa kodi ana haki ya kuuliza: wale 11 walifikishwa wapi, na wale wanne walipata nini?

Najua kuna atakayeniuliza, kwani si bunduki iliyomkomboa Msumbiji? Ilimkomboa, na wapiganaji wake walifundishwa Nachingwea, si mbali na hapa. Mwaka 1967 Frelimo ilianzisha kikosi cha wanawake. Sipingi mtu kujilinda. Napinga bunduki isiyo na wa kuiuliza swali. Ikifika hapo, haijali ni ya gaidi au ya serikali, mwanamke ndiye wa kwanza kuijua.

Na sisi je? Tunaitana makamanda, tunavaa magwanda, tunasema "mapambano". Sikatai jina, lina historia yake. Ila kamanda anayemwambia binti anayetaka uongozi "njoo jioni tuyaongee" ana tofauti gani na yule wa msituni? Tofauti ni bunduki tu, akili ni moja. Tunapomjibu mgombea mwanamke wa chama kingine kwa matusi ya mwili wake, tunafanya mazoezi ya vita hiyo hiyo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Moja, tudai serikali itoe majibu hadharani juu ya askari wanaotuhumiwa. Mbili, mkimbizi akivuka Ruvuma asirudishwe motoni. Mwaka 2021 UNHCR ililalamika kwamba maelfu ya watu wa Cabo Delgado walirudishwa kutoka Tanzania, wengi wao wanawake na watoto. Tatu, hapa kwetu, binti akibakwa tusikae kikao cha kumalizana kwa mbuzi. Sheria ya mwaka 1998 imeweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji mtu mzima. Mbuzi hayumo kwenye sheria ile.

Wengi wetu tumepita jando. Tulifundishwa kuvumilia maumivu yetu. Sasa tujifunze kutokuvumilia maumivu ya mwingine.

Nimemaliza. Dada zetu mliokaa kule pembeni, sogeeni mbele, maswali yaanze kwenu.