KIDONDA CHA JEMBE NA MANENO YA DRIPU
(Mazungumzo ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama. Yamebandikwa kwa ajili ya waliokuwa shambani.)



Wakati wa palizi mwenzetu alijikata mguu kwa jembe. Siku ya nne tulimkuta anatetemeka, anahema mbiombio, anasema maneno yasiyoeleweka. Wengine tukasema malaria, wengine tukasema kachezewa. Kamati ikaamua tungoje mpaka mnada upite ndipo gari lipatikane. Tulirudi na maiti yake. Hapo sisi viongozi tulikosa, na tunalisema mbele yenu.

Ugonjwa huo madaktari wanauita sepsisi. Neno gumu, hata sisi tulilisoma mara tatu. Mwaka 2016 wataalamu waliupa maana mpya: mwili unapigana na vijidudu ovyo mpaka unaumiza viungo vyake wenyewe, figo, mapafu, moyo, hata ubongo. Ni kama mgambo wanaofukuza mwizi wakachoma nyumba ya mwenye mali. Si kidonda tu. Nimonia huuleta, na mama aliyejifungua huweza kuupata.

Hospitali wanahesabu pumzi. Mtu mzima akifika 22 au zaidi kwa dakika, wanashtuka. Sie tuliopita kisomo cha watu wazima hesabu hiyo tunaiweza, tena nyumbani. Wanapima presha, wanaangalia kama anajitambua na kama anapata mkojo. Wanachukua damu ya kupima, kisha wanachoma dawa ya kuua vijidudu kwenye mshipa. Aliyeshuka presha anatakiwa aipate ndani ya saa moja. Kama kuna usaha, wanautoa.

Sasa dripu. Jamani, tunagombana sana na manesi, eti wanatunyima maji. Mwaka 2011 ulitoka utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na hapa Tanzania, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa karibu 11 katika kila 100 ndani ya siku mbili. Wasiomiminiwa hivyo, 7. Maji hutolewa, ila kwa kipimo na kwa kumwangalia mgonjwa. Nesi akiyapunguza tusimtukane.

Kamati imetenga fedha ya kumkimbiza mgonjwa kwa bodaboda, mnada uwepo usiwepo. Ufunguo wa sanduku anao mweka hazina. Agongewe hata usiku wa manane, amekubali mwenyewe.